Mercedes Nyeupe na Porsche ya Kijani

Gereji ya pili ilikuwa ya kupanga, na mwenye gereji alikuwa ametaka arudishiwe. Kwa hiyo Roswitha Häberle alilazimika kuuza gari moja kati ya mawili aliyoachiwa na mumewe, Eugen. Ushauri aliupata bila kuuomba. Traugott, mdogo wa marehemu, alikuwa fundi mstaafu na mtu hasa wa Schorndorf, mji wao huko Ujerumani, ambaye Jumamosi isiyo na ndoo ya maji ya sabuni huiona imepotea bure.

"Sikiliza, shemeji," alisema mezani, akimega mkate wa chumvi. "Mercedes ina injini ileile iliyotoka nayo kiwandani. Wakusanyaji wa magari ya kale watapigana vikumbo. Porsche je? Eugen aliibadilisha injini, akaipaka kijani cha chura. Mbio inazo, sikatai. Kwenye kona za kupanda milima ya Alb, Mercedes itaachwa ikila vumbi. Lakini mkusanyaji gani ataitaka?"

"Mimi naitaka."

"Mkia wake kwenye kona hutaka kumtangulia dereva. Kwa umri wako utaiendesha wapi?"

"Umri wangu umekukosea nini?"

Traugott akacheka. "Baki na Mercedes. Ni bibi harusi ile. Inakaa tu, bei inapanda."

Roswitha aliijua Mercedes hiyo. Eugen aliiendesha kwa glovu, na mke alikatazwa hata kumumunya peremende ndani yake. Kwenye Porsche walikula, waligombana, walisinzia wakingoja mvua ikatike. Tangu azikwe vuli iliyopita, kila Roswitha alipozidiwa alishuka gereji, akaingia ndani ya Porsche, akafunga mlango. Mle mlikuwa na harufu ya tumbaku ya kiko, ya mafuta ya injini, na ya shingo ya Eugen kwenye ngozi ya kiti. Alimkumbuka hadi mbavu zikauma, na mle tu ndimo alimopata nafuu.

"Uza Mercedes," alisema.

"Majuto ni mjukuu, shemeji."

"Basi nitamlea."

Traugott alishindwa, lakini hakununa. Moyo wake ulikuwa mwema kupita kiasi. Roswitha alipokwenda Ulm kwa binti yake mwisho wa juma, alimwachia funguo ili aipige Mercedes picha za tangazo. Aliporudi, alimkuta mlangoni pa gereji, mikono ya shati imekunjwa, uso unang'aa.

"Kama huiachi Porsche yako, angalau ikae kama gari la mama mwenye heshima," alisema. "Viti nimevisugua kwa sabuni ya ngozi. Mazulia nimetoa yote. Hata ile harufu ya kiko nimeiondoa, ingawa ilinitoa jasho."

Roswitha akaingia, akafunga mlango, akavuta pumzi. Ndimu. Akainamisha uso hadi kwenye kiti cha dereva, akavuta tena taratibu. Ndimu tupu. Nje ya kioo, shemeji yake alisimama na kitambaa mkononi, akingoja kusifiwa.

Akashusha kioo. "Imependeza. Asante, shemeji."

"Basi kesho naandika tangazo la Mercedes."

"Andika la zote mbili."

"Zote? Si ulisema hii huiachi ng'o?"

"Nilisema hivyo Eugen alipokuwa bado yumo."

Traugott akaingiza kichwa dirishani, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaanza kulia, yeye kwanza.