Hakimu Asiyemtia Mtu Hatiani

Pale maabara walimwita Bi Takwimu, naye jina hilo alilivaa kama kiatu kipya: lilimbana kidogo, lakini lilimpendeza. Kazi yake ilikuwa kuamua vidonge vipi vya dawa ni vizima na vipi ni feki, bila kuvivunja wala kuviyeyusha. Kidonge kiliwekwa kwenye kishikio cha kioo, kikamulikwa kwa leza, na mwanga uliorudi ukachorwa kwenye kompyuta: mstari mmoja mrefu wenye vilele na mabonde. Kila dawa ina vilele vyake, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Shida ni kwamba mstari mmoja una nukta zaidi ya elfu, na jicho la binadamu likizikodolea sana huanza kuona hata visivyokuwepo. Hapo ndipo takwimu huingia. Bi Takwimu aliipa kompyuta mistari ya vidonge vizima na mistari ya feki, akaifundisha kuzibana zile nukta elfu zibaki chache zenye maana, kisha ikate shauri. Hesabu hiyo wenzake waliibatiza Hakimu.

Hakimu alifaulu mtihani wake wa kwanza kwa kishindo. Kwenye mchoro, vidonge vizima vilijikusanya kulia, feki kushoto, na katikati pakabaki uwanja mtupu. Mambo ya dunia hayajitengi hivyo. Hata ndugu wa tumbo moja wakilala kitanda kimoja hugombania mpaka. Lakini aliyeshiba sifa hamuulizi mpishi ametia nini.

Na sifa zilikuja. Mkuu wa maabara, mtu aliyependa sauti yake kuliko chai yake, alimvika kilemba cha ukoka mbele ya wageni.

"Tangu Hakimu wetu aanze kazi," alisema, "hajapatikana mdanganyifu hata mmoja! Wametukimbia, jamani!"

Wageni wakapiga makofi. Bi Takwimu akainamisha kichwa, maana tabasamu lilikuwa limemzidi ukubwa wa mdomo.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yao na mdogo wake, kinyozi, mwenye kifafa tangu utotoni. Kwa miaka mingi vidonge vilikuwa vimekituliza kifafa kile hata majirani wakasahau. Kisha, bila hodi, kikarudi. Kwanza kitandani, halafu bafuni, kijana akapasuka juu ya jicho.

"Unaruka dawa wewe," Bi Takwimu alimwambia huku akimfuta damu.

"Siruki, dada."

"Sasa kifafa kimejirudia chenyewe tu, kama mgeni?"

"Kama shangazi. Hakihitaji kualikwa." Kinyozi akacheka, kisha akaona hachekewi. "Nakunywa, dada. Haki ya Mungu nakunywa."

Bi Takwimu alikichukua kidonge kimoja kwenye kopo la mdogo wake, akaenda nacho kazini, akakimulika. Hakimu akasema: kizima, bila shaka yoyote. Jioni akaliweka lile kopo mezani mbele ya mama.

"Dawa haina kosa. Nimeipima mwenyewe."

Kati ya mashine ya leza na mtu ambaye akiwa mtoto alificha vidonge chini ya godoro, mama hakuhitaji muda wa kuchagua. Tangu siku hiyo kila asubuhi ikawa ni ukaguzi. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Geuka kwenye mwanga." Mtu mzima mwenye ndevu!

"Mama, wateja wananiachia shingo zao na wembe mkononi mwangu," kinyozi alilalama, "wewe huniamini hata na ulimi wangu mwenyewe."

"Wateja wako hawakukuzaa. Inua ulimi."

Siku moja kinyozi alianguka dukani, mashine ya kunyolea ikiwa mkononi na mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Alikiangukia kioo kikubwa cha ukutani, kikamchana mkono wa kulia. Hospitali walimshona vizuri, lakini vidole viwili vikakataa kukunjika, na kinyozi asiyekunja vidole ni sawa na mwimbaji aliyekatwa koo. Mwenye duka alikuja kumpa pole, na kwa sauti ya upole kabisa akamwambia kwamba kiti chake amempa mwingine.

Bi Takwimu alisimama kando ya kitanda cha mdogo wake. Hofu ilikuwa imemjaa, na hofu ikikosa pa kutokea hutokea mdomoni.

"Haya ndiyo uliyoyatafuta," alisema.

Mdogo wake alimtazama. Aligeukia ukuta.

Kesho yake Bi Takwimu alikimulika kidonge kingine cha kopo lile. Kizima. Akakaa akiikodolea kompyuta. Alitaka jambo dogo tu: amsikie Hakimu akikataa kitu, chochote, hata mara moja, apate kumwamini juu ya mdogo wake na moyo utulie. Akavunja kipande cha chaki ubaoni, akakiweka chini ya leza.

Kizima.

Akang'oa kitufe cha koti lake. Kizima. Akakimulika kishikio kitupu, kisicho na kitu ila hewa na aibu. Kizima, bila shaka yoyote.

Akaiuliza hesabu yake swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu mwanzo: katika mstari wote huo, huwa unaangalia wapi? Jibu likachorwa. Hakimu hakuwa akitazama vilele vya dawa hata kidogo. Uzito wote aliuweka kwenye kilele kimoja kidogo, cha kioo cha kishikio.

Akakumbuka. Feki ndizo zilizofika kwanza, kutoka forodhani, akazipima zote. Kisha fundi akaja kusafisha lenzi na kuinyoosha leza. Ndipo vizima vikafika kutoka kiwandani, akavipima vyote. Kazi ya fundi ilikuwa imekisogeza kilele cha kioo kwa unene wa unywele, na Hakimu, mwanafunzi mvivu mwenye macho makali, akaona hapo pa kuponea. Hakujifunza dawa, alijifunza kabla ya lenzi na baada ya lenzi. Na kila kilichopimwa tangu hapo kilikuwa baada ya lenzi. Hata vile vidonge vya mtihani alivyovitenga pembeni, vilitoka katika mafungu yaleyale mawili. Ilikuwa kama kumtahini mtoto kwa maswali aliyokwisha kupewa majibu.

Angechanganya tu. Feki na vizima pamoja, kabla ya fundi na baada ya fundi. Jambo hilo alilijua. Alikuwa akiwafundisha wageni wa kazi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Akavisaga vidonge vilivyobaki vya kopo la mdogo wake, akavipima kwa njia ya zamani, ya kuyeyusha na kusubiri. Dawa iliyokuwamo haikufika robo. Kilichosalia kilikuwa wanga.

"Wadanganyifu hawakutukimbia, mzee," alimwambia mkuu. "Tuliwafungulia mlango."

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Chaki?"

"Chaki, mzee."

"Na kitufe?"

"Na kitufe."

Akavua miwani, akajikanda macho. "Andika tangazo, maduka yote ya dawa yaache kuuza vidonge tulivyovipitisha. Lete nitie sahihi sasa hivi, kabla sijapata akili."

Tangazo lilikwenda. Wauza dawa wengi walijibu kwamba makopo yalikwisha kuondoka zamani, yamo majumbani mwa watu.

Jioni Bi Takwimu aliingia chumbani kwa mdogo wake na kopo jipya. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia pajani kama kitu alichoazimwa. Akamweleza yote: lenzi, kioo, chaki. Hakujipunguzia hata neno.

"Ulikuwa unakunywa," akamalizia. "Ulikuwa unasema kweli."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nikinywa."

"Nisamehe, mdogo wangu. Hivi hapa ni vizima. Nimevipima kwa njia ya kweli, si kwa ile."

Kinyozi akalitazama kopo. Hakulipokea.

"Na vile uliniambia hivyohivyo, dada. Kwa sauti hiyohiyo."

"Safari hii ni kweli."

"Labda." Akatabasamu, tabasamu lake lile la utani, ila macho hayakushiriki. "Lakini sikiliza. Nilipokuwa nakunywa, mlisema sinywi. Sasa niacheni nisinywe, angalau tuelewane."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Bi Takwimu akamimina kidonge kimoja kiganjani, akamnyooshea. Kinyozi alikwishageukia ukuta. Mkono wa dada ukabaki pale hewani, mpaka jasho la kiganja likaanza kukiyeyusha kile kidonge.