Jinsi Wolfgang Alivyokufa Akicheka

Uongo wa Mzee Onesphory ulikuwa umetimiza miaka arobaini na mitano, na ulikuwa na afya kuliko yeye mwenyewe. Yeye goti la kushoto lilikuwa limekwisha, magego hana, na baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani alilala na soksi mbili. Uongo wake, loo! Ulikula, ukanenepa, na kila harusi pale kijijini Endasak ulikaribishwa meza ya mbele kabla mwenyewe hajafika.

Ulizaliwa hivi. Adui alipoivamia nchi kule Kagera, vijana waliitwa, na Onesphory akaenda pamoja na Wolfgang, rafiki yake wa kuchunga mbuzi na kuiba viazi. Huko wakachaguliwa kuingia kikosi maalumu cha watu wanane, wapenye nyuma ya adui wakavunje daraja. Walikwenda wanane wakarudi watatu, na Wolfgang hakuwamo. Vita ilipokwisha, Onesphory alifika nyumbani kwa akina Wolfgang na begi lake mgongoni, na mama mtu akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu amekufaje?"

Mungu ni shahidi, Onesphory alifungua mdomo aseme kweli. Lakini alimwona yule mama anavyoukazia macho mdomo wake, na nyuma yake Agatha, dada mkubwa wa Wolfgang, ameng'ang'ania mlango kama vile nyumba inataka kuanguka. Kilichotoka mdomoni kikawa kingine.

"Mama, amekufa akicheka."

"Akicheka?"

"Akicheka kabisa. Daraja ameshalivunja, adui wamemzunguka, yeye amesimama anawacheka."

Mama akasema, "Haya," akaingia ndani.

Hapo pangetosha. Lakini nani aliwahi kuona uongo ukikaa mdogo? Kwenye kipaimara cha mtoto wake wa kwanza, adui waliomzunguka Wolfgang walikuwa wamefika ishirini. Daraja lilianza likiwa la miti, miaka ikapita likawa la zege, na kufika mwaka elfu mbili lilikuwa la chuma na vifaru vinapita juu yake. Watu walisikiliza midomo wazi. Agatha peke yake alikuwa akiinama na kujifunga upya kitenge, na watu wakasema, mwacheni, ni fahari inamlemea.

Sasa mwaka jana kijiji kilikuwa na mwenyekiti anaitwa Bonaventura, mtu ambaye hawezi kuona watu watatu wamesimama asiwafanyie sherehe. Siku ya Mashujaa ilikuwa inakaribia na mgeni rasmi angetoka wilayani. Bonaventura akapiga meza: "Hotuba tumechoka nazo. Safari hii tutaigiza! Tutavunja lile daraja mbele ya macho ya watu. Mzee Onesphory, utakuwa mshauri wetu. Tutafuata maneno yako nukta kwa nukta."

Mzee Onesphory akasema goti linamuuma. Hakuna aliyemsikia.

Kikosi maalumu kilipatikana bila shida, mgambo wote waligombania. Nafasi ya Wolfgang akapewa Michael, mjukuu wa Agatha, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyeishi na bibi yake, akimlimia na kumchotea maji, maana bibi hakuwa na mwingine. Shida ikawa adui. Nani akubali kuwa adui? Hata mlevi wa pale sokoni alikataa, akasema na yeye ana heshima zake. Basi Bonaventura akapanda pikipiki mpaka kijiji cha Gehandu, kwa Mzee Gidahosh, Mdatoga mwenye ng'ombe wengi na vijana warefu, akamwomba vijana ishirini waje kushindwa.

"Kuja watakuja," alisema Gidahosh. "Lakini kulala chini kujifanya maiti, hapana. Baba zao wako hai. Huo ni uchuro."

"Basi mzee, wakimbie."

"Wamkimbie nani?"

"Mgambo wetu wa Endasak."

Gidahosh alicheka mpaka akakohoa, akawaita wake zake waje wasikie na wao. Walipomaliza kucheka, mapatano yakawa haya: bunduki zikilia, adui watakaa chini, ndiyo kusema wametekwa. "Kukaa wataweza," Gidahosh alisema. "Mtu akichoka si hukaa?"

Siku moja kabla ya sherehe, Onesphory alimfuata Agatha nyumbani, akamkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Onesphory. Kesho nitamwona mdogo wangu."

"Dada, haya mambo ya vita, unajua, hayakuwa..."

"Nimesema kesho nitamwona," alisema Agatha bila kuinua uso, na ungo wake ukaendelea. Onesphory alikaa kidogo, akasifu maharage, akaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na yake ilikuwa imenyooka moja kwa moja mpaka uwanja wa shule.

Siku ikafika. Daraja lilijengwa kwa madawati juu ya mfereji, likapakwa chokaa, na kwa kweli lilipendeza. Mgeni rasmi alikalishwa chini ya turubai, Onesphory kulia kwake, Agatha kushoto kwa sababu ya marehemu. Nyuma ya turubai masufuria mawili ya pilau yalikuwa yanatokota. Na hapa ndipo Bonaventura, mtu aliyezaliwa wilaya hii hii ya Hanang, akakulia Hanang, alipofanya kosa ambalo hata mgeni wa jana asingelifanya. Ili uwanja ujae, alikuwa amewaalika na wasichana wa Gehandu, akawaweka mstari wa mbele kabisa, hatua kumi kutoka darajani. Jamani! Unamwomba kijana wa Kidatoga ashindwe, halafu unampangia wasichana wamwangalie?

"Kikosi maalumu sasa kinanyemelea!" Bonaventura alinguruma kwenye kipaza sauti.

Mgambo wanane wakatokeza kwenye mabua ya mahindi, nyuso zimepakwa masizi, bunduki za mbao mkononi. Michael alikuwa mbele. Alipiga magoti, akalenga, na kwa kuwa mbao hailii, akalia mwenyewe: "Pa! Pa! Pa! Pa!"

Adui mmoja pale darajani, mrefu kuliko wote, akaanza kukunja magoti akae kama walivyopatana. Pale mbele msichana mmoja akasema kitu kwa Kidatoga, neno moja tu, na wenzake wakaangua kicheko. Magoti yakanyooka.

"Adui wanakaa chini," alitangaza Bonaventura. Adui hawakukaa. "Nimesema, adui wanakaa chini! Mzee Gidahosh, vipi tena?"

Mzee Gidahosh alikuwa anatazama mlima.

Yule mrefu akaruka juu, fimbo hewani, wenzake kumi na tisa wakamfuata, na wasichana wakapiga vigelegele. Wale vijana walikuwa wanacheza tu, kila mtu wa Gehandu aliliona hilo. Lakini mgambo hawakungoja kuuliza. Kikosi maalumu kikageuka kama kundi la mbuzi lililoona fisi. Mmoja alipita katikati ya pilau, sufuria la kwanza likaenda. Wa pili alipanda nguzo ya spika akakataa kushuka. Watatu waliingia chini ya turubai kwa pamoja wakatoka nalo upande wa pili, na mgeni rasmi akabaki juani ameshika chupa ya maji. Sufuria la pili hakuna ajuaye lilimwagwa na nani. Daraja, jamani, halikuguswa! Adui walikuwa wamesimama juu yake, wanaruka na kuimba, na chokaa inametameta.

Na mbele ya wote waliokimbia alikuwa Michael. Yule kijana alikimbia! Kiatu kimoja kilibaki mferejini, kingine kilibaki golini, na yeye alikuwa anaelekea barabara ya Katesh kama anawahi basi. Bahati mbaya alipita karibu na bibi yake, na bibi ana fimbo.

"Wolfgang hakukimbia!" Fimbo ikatua mgongoni. "Mdogo wangu hakukimbia!"

"Bibi, wangeniua!"

"Si ndiyo kazi uliyopewa, kufa? Ufe ukicheka! Kazi ndogo kama hiyo!" Fimbo nyingine. "Sasa usikanyage kwangu. Nguo zako nitazitupa nje leo hii. Umemfanya mdogo wangu mwoga mbele ya wilaya nzima!"

Watu walicheka kwanza, kisha wakaacha, maana waliona machozi yanamtoka na mkono hautanii. Wanaomjua Agatha wanajua kwamba akisema nguo zitatoka nje, zitatoka. Michael alisimama peku, mikono kichwani, masizi yakimchuruzika mashavuni. Bonaventura, jasho linamtoka, akamsukumia Onesphory kipaza sauti. "Mzee, ninusuru. Waambie watu ilivyokuwa hasa."

Onesphory alikishika kile chombo. Alitazama kiti chake cha mbele, akajua hatakikalia tena. Akamtazama Michael. Akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Mwacheni kijana," alisema. "Ilikuwa hivi hivi."

Watu wakasogea karibu.

"Tulitokea kwenye migomba alfajiri, watu wanane. Ramani ilisema hapo kuna daraja. Tukakuta jiko. Adui kama mia moja wamepanga foleni ya uji, vikombe mkononi. Wakatutazama. Na sisi tukawatazama. Hakuna aliyeinua bunduki, wala wao wala sisi, mshangao ulikuwa mkubwa mno. Mbele yangu pale alikuwa mzee mmoja, mvi kichwa kizima, ameshika mwiko. Na mimi nimelelewa Endasak. Nikamwambia, 'Shikamoo, mzee.'"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mgeni rasmi alicheka akajimwagia maji. Yule mgambo wa kwenye nguzo alicheka akateleza. Mzee Gidahosh alijipiga paja, akasema huyu sasa ndiye mtu aliyelelewa.

"Hakuitika marahaba," Onesphory aliendelea. "Kwao hawaamkiani hivyo. Ndipo wakajua sisi ni nani."

"Na daraja?" Bonaventura aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Daraja sijaliona mpaka leo."

Wakacheka tena, naye akangoja wamalize. "Tulikimbia wote. Watano hawakuvuka mto. Vijana watano, kwa salamu yangu mimi." Na kicheko kikaisha chenyewe, mstari kwa mstari, mpaka ukasikika upepo tu kwenye mabua.

Agatha alikuwa amesogea mpaka mbele yake. Fimbo ilikuwa bado mkononi, na Onesphory akasema moyoni, na anipige, ni haki yake.

"Wolfgang naye alikimbia?" aliuliza.

"Alikimbia, dada."

"Hakucheka?"

"Hakucheka. Nilikudanganya. Niliwadanganya wewe na mama, na nikaendelea."

"Alikimbia sana?"

"Sote tulikuwa nyuma yake. Hakuna aliyeweza kumfikia. Risasi ilimpata mgongoni, mto akiuona."

"Na huko mtoni kulikuwa na nini?"

Onesphory alifikiri hajamwelewa. "Ng'ambo ya mto ndiyo ilikuwa kwetu, dada. Alikuwa anakuja huku."

Agatha aliegemea fimbo yake.

"Unajua mama alikufa na swali gani?" alisema, na bila kipaza sauti watu wote walimsikia. "Aliniuliza kitandani, 'Agatha, tulimkosea nini yule mtoto, hata akaona heri asimame afe akicheka kuliko kurudi kwetu?' Na mimi nimemkasirikia, Onesphory. Miaka yote hii. Kila ulipowasimulia watu nilikuwa nainama nisimtukane marehemu." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kumbe alikuwa anarudi."

"Nisamehe, dada."

"Wewe nitakushughulikia kesho. Njoo asubuhi, na usile kwanza, maana nitakusema mpaka saa sita."

Kisha akamgeukia Michael, aliyekuwa bado amesimama peku na mikono kichwani. Kijana akarudi nyuma hatua moja. Bibi yake akaitupa fimbo chini.

"Nenda kule kwenye mahindi," alimwambia. "Kimbia tena."

"Bibi?"

"Kimbia vile vile, uje kwangu. Mara ya kwanza sikukutazama vizuri."

Michael akaenda. Vijana wa Gidahosh walishuka darajani wenyewe, bila kuambiwa, wakasimama pembeni na fimbo zao zimeshushwa. Bonaventura alikitwaa tena kipaza sauti atangaze, Onesphory akakishusha. Kule kwenye mabua Michael akavuta pumzi, akaanza kukimbia, vumbi likimwinukia miguuni, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Bibi Agatha alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono wazi, akimwita kwa jina la mdogo wake.