Bukini Wasio na Mhuri

Pikipiki ya theluji ilikuwa imeshaipita nyumba ya mwisho ya kijiji Agatha alipokumbuka kwamba hakumuaga baba yake. Akampiga kaka yake mgongoni.

"Gaspard, simama!"

"Nisimame nini? Ukimuaga atataka kuja. Humjui mzee wako?"

Alimjua. Mzee Lazare, mwindaji wa Kikrii, watu wa asili wa kaskazini mwa Kanada, aliyelala hemani miaka mingi kuliko aliyolala chini ya bati, alikuwa amewekwa kwenye nyumba ya wazee, na hiyo ilikuwa siku ya kumi hagusi sahani. Muuguzi alishasema: asipokula wiki hii, anapandishwa ndege kwenda hospitali ya kusini. Wazee waliopelekwa huko wakiwa hivyo, Agatha alikuwa amewapokea wote wakirudi ndani ya sanduku.

Na mpishi wa nyumba ile alikuwa yeye mwenyewe.

Ofisi ya kusini ilileta ufadhili kwa mbwembwe: mradi wa chakula cha asili kwa wazee. Ndege ikashusha maboksi. Ndani yake mabata bukini wa kufugwa, wamebanwa kwenye plastiki, kila mmoja na mhuri wake wa bluu wa ukaguzi; nyama isiyo na mhuri huo haikuruhusiwa mezani. Agatha alipomwoka wa kwanza jiko likanuka kama mbwa aliyelowa. Mafuta yakachuruzika mepesi, ya njano, kama usaha. Mzee Lazare alitafuna mara moja, akatema kiganjani, akatazama alichotema.

"Huyu ndege hajaruka hata siku moja," akasema. "Mnanilisha mfungwa mwenzangu."

Tangu hapo ni chai tu.

Agatha na Gaspard walirudi kutoka kuwinda siku ya nne na bukini kumi na wawili wa porini kwenye tela. Agatha akawanyonyoa, akawababua, akawaning'iniza kwa kamba mbele ya moto, ndani ya hema nyuma ya jengo, akiwazungusha taratibu mpaka ngozi ikawa rangi ya chai. Harufu ikapenya madirishani. Mzee Lazare akaagiza kisu chake kiletwe.

Siku hiyohiyo, kabla ya chakula, akatua kwa ndege Bi Denholm wa ofisi ya ufadhili, na kamera shingoni, kuja kuutazama mradi wake.

"Mwambie ni wale wa maboksi," Gaspard akanong'ona mlangoni. "Atajuaje? Bukini akishaiva ni bukini."

"Nitamwambia hivyohivyo, kaka. Funga mdomo tu."

Sahani zikapangwa. Bi Denholm akapewa paja nono, mgeni hapewi shingo. Akapiga picha, akasema, "Jamani, harufu hii!" Lakini wazee hawakushika vijiko. Bukini haliwi kwao kabla haijasemwa kwa sauti nani kamuua na wapi. Asiyetajiwa mwindaji ni sawa na wa kuiba.

"Haya, binti," Mzee Lazare akasema, mkono tayari juu ya sahani. "Nani?"

Agatha angeweza kunyamaza, na mzee angeurudisha ule mkono mapajani.

"Ni Gaspard, mwanao. Mdomo wa mto, upande wa kaskazini, alfajiri."

"Ahsante yake," wazee wakaitikia. Na kwa kuwa kila aliye mezani sharti aambiwe, mgeni naye akiwamo, Agatha, ambaye tangu azaliwe hajamruka mtu mezani katika kutaja huko, akamgeukia Bi Denholm akamwambia kwa lugha yake, neno kwa neno. Alipofika kwenye "mto" ndipo akasikia anachosema.

Bi Denholm akaweka uma chini. "Wa porini? Wana mhuri?"

"Wanao," Gaspard akasema. "Wa risasi. Huo hapo shingoni, mama, tazama."

Wazee wakacheka. Bi Denholm hakucheka. Akavaa glavu, akazunguka meza akikusanya sahani kwa adabu: samahani baba, samahani mama. Mzee Lazare alishatia tonge mdomoni. Mwanamke yule akakinga leso chini ya kidevu chake, kama anayemtemesha mtoto peremende. Mzee akamkazia macho, akatafuna polepole, akameza.

Nyama yote ikatupwa kwenye pipa nje, pamoja na bukini waliobaki hemani. Juu yake Bi Denholm akamimina jiki, galoni nzima, mtu asije akaokota. Ngozi za rangi ya chai zikageuka kijivu, zikatoa povu. Mvuke ule wa choo kilichosuguliwa ukawaingia puani.

"Ni utaratibu tu," akasema. "Kwa usalama wenu."

"Wewe mama," Agatha akamwambia, "choo chako unakiheshimu kuliko chakula chetu." Akavua aproni, akaitupia humo humo, akaingia ndani kumvalisha baba yake koti.

Mzee Lazare aliishi hemani kwa Gaspard, akila bukini, kisha samaki, mpaka Agosti, akafia huko usingizini. Gaspard aliandikiwa barua ya onyo, hajaifungua. Bi Denholm alipandishwa cheo. Mradi uliongezewa miaka mitatu, na maboksi bado yanakuja. Agatha anapanga makopo kwenye duka la kijiji. Wazee waliobaki wanakunywa chai.