Usifunge Mpaka Uone Hongera

Mimi sina subira na watu wasiosoma maelekezo. Ofisini wananiita Pilipili, na sikatai, jina halikuja bure. Kazi yangu ni kutengeneza kozi za mtandaoni: napanga kurasa, naweka picha na vitufe, narekodi maelezo kwa sauti yangu mwenyewe, kisha naipandisha kozi watu waisome. Ikigoma, anayepigiwa simu ni mimi.

Wiki ile ilikuwa kozi ya usafi wa vyumba vya upasuaji. Hospitali iliagiza kila anayeingia humo, kuanzia daktari mpaka msafishaji, awe ameimaliza Ijumaa saa sita mchana. Wasafishaji walishaambiwa waziwazi: asiyemaliza, Jumatatu nafasi yake ina mtu mwingine. Mmoja wao ni mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliyenilea tangu nina miaka sita. Miaka ishirini na miwili anapiga deki vyumba vile.

Madaktari na wauguzi walimaliza bila shida. Jumatano jioni wasafishaji wakaanza kukwama. Kwenye ripoti yangu walionekana wamefika ukurasa wa ishirini na tano, ambao ndio wa mwisho, lakini pembeni ya kila jina imeandikwa "Hajamaliza". Kufika Alhamisi walikuwa arobaini na watatu. Msimamizi wao akanipigia.

"Kozi yako haiishi!"

"Haiishi vipi? Ukurasa wa mwisho una kitufe kimoja tu, Funga. Wabonyeze, alama ziende, basi!"

"Wanasema hawaruhusiwi kufunga."

"Hawaruhusiwi na nani? Vidole si wanavyo?"

Nikakata simu. Nikaifungua kozi kwenye kompyuta yangu, ile yenye skrini pana kama meza ya kupigia pasi, nikapita mwanzo hadi mwisho. Inaenda. Nikajaribu kivinjari kingine. Inaenda. Bosi akataka taarifa, na fomu ya taarifa ina mstari wa "Chanzo cha tatizo". Nikaandika: Watumiaji hawasomi maelekezo. Nikaihifadhi, niitume Ijumaa mambo yakiisha.

Aliyenichefua zaidi ni Mama Mkubwa. Jina lake limo katika wale arobaini na watatu, na simu hapokei. Nilimpigia mara saba. Inaita weee, inakatika. Mtu kazi inamponyoka, na simu hapokei! Ijumaa saa nne nikabeba kompyuta ndogo nikaenda kwake, njia nzima nagombana na hewa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pita polepole, usije ukajikwaa kwenye waya."

Waya wa chaji ulitoka ukutani ukapanda mezani. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, inawaka. Mbele ya meza aliweka kiti, mtu asiisogelee.

"Kumbe simu iko hapa na hupokei?"

"Nitapokeaje? Nikipokea si ukurasa utajifunga?"

"Na ufunge! Dawa yake ndiyo hiyo!"

Akanitazama kama nimetukana. "Wewe mwenyewe umesema nisifunge."

"Mimi? Lini?"

"Ukurasa wa kwanza. Sauti yako ile naijua hata usingizini. 'Tafadhali usifunge somo hili mpaka uone neno Hongera.' Mimi nimemaliza tangu juzi. Nasubiri Hongera."

Hasira ikaniisha hapo hapo. Sentensi ile niliiandika mimi, nikaisoma kwa sauti yangu, ili watu wasitoroke katikati ya somo. Nikainama kwenye simu. Palikuwa na picha ya ndoo na brashi, chini yake kitufe cha Funga, na Hongera haipo. Niliiweka juu kabisa, kona ya kulia, herufi za kijani. Kwenye skrini yangu pana ilipendeza. Kwenye simu nyembamba iliyosimama wima ilibaki nje ya kioo, na ukurasa nilikuwa nimeuzuia usisogezwe pembeni. Madaktari walitumia kompyuta, na wengine nadhani walifunga tu bila kusubiri chochote. Nyani haoni kundule, na siku hiyo nyani nilikuwa mimi. Niliona haya mpaka masikio yakachoma.

"Mama Mkubwa, hebu ilaze simu."

Akailaza mezani, chali, taratibu kama anamlaza mtoto.

"Siyo hivyo. Ilaze ubavu."

Akaigeuza. Ukurasa ukajinyoosha, na neno likatokea.

"Alaa! Kumbe lilikuwepo!"

"Lilikuwepo. Sasa funga."

Kidole chake kilikaribia kioo, kikasimama. "Na wenzangu je?"

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Nikampigia wa kwanza kwenye orodha, hapokei. Wa pili, hapokei.

"Hawatapokea," akasema. "Wanalinda ukurasa. Niliwaambia mimi. Walitaka kufunga tangu juzi, nikawakataza. Nikawaambia sauti hiyo ni ya mwanangu, na mwanangu hasemi jambo la bure."

Nikampigia wa tatu hata hivyo, hapokei.

"Piga chumba cha kufulia," akaendelea, "kuna simu ya mezani." Nikapiga, akaninyang'anya. "Nyie! Lazeni simu ubavu! Ubavu nimesema, siyo chali! Mkiona Hongera, fungeni! Mwambieni na msimamizi!"

Nikafungua ripoti kwenye kompyuta. Arobaini na watatu. Thelathini na wanane. Ishirini na mmoja. Wanne walikuwa nyumbani, siku yao ya mapumziko, msimamizi akawatumia mtu wa pikipiki. Saa sita kasoro dakika nane akabaki mmoja.

"Wamebaki wangapi?" akauliza Mama Mkubwa.

"Mmoja."

"Nani huyo mzembe?"

"Wewe."

Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akabonyeza. Pembeni ya jina lake pakaandikwa "Amemaliza". Akachomoa chaji, akaiangalia simu.

"Mbona umenipigia mara saba? Kulikuwa na shida gani?"

"Nilitaka kukugombeza. Nisamehe, Mama Mkubwa. Kosa lilikuwa langu."

"Yameisha. Kozi ni nzuri, ila huyo anayesoma maelezo ana haraka mno." Akaenda jikoni kubandika chai kabla ya zamu yake ya mchana.

Nikabaki pale mezani nikaifungua ile fomu ya Bosi. Nikaufuta mstari wa chanzo wote, nikaandika mwingine: Walisoma maelekezo, wakayafuata.