Theluji ya Kwenye Kioo

Theluji ya kwanza ya mwaka ilianguka Jumanne asubuhi, na watoto wa darasa la kwanza waliikosa kwa sababu walikuwa wakijifunza theluji.

Torbjørg aliwaona kupitia dirisha, alipokuja kumchukua mjukuu wake, Tiril, ampeleke kwa daktari wa meno. Vichwa vimeinama, vishikwambi magotini, vidole vikitia rangi chembe za theluji za kwenye kioo. Theluji yenyewe ilikuwa ikimwagika nyuma ya migongo yao kama mgeni aliyepiga hodi hadi akachoka. Katika bonde lao, tangu Torbjørg ana meno ya utotoni, siku ya theluji ya kwanza mwalimu aliweka chaki chini na darasa zima likatoka mbio, hata wenye mafua.

"Mwalimu, mbona hawako nje?" alimwuliza Sindre, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi.

"Watatoka, mama. Somo la theluji linaisha Ijumaa."

"Na theluji umeiambia isubiri?"

Sindre alicheka kwa adabu. "Vishikwambi hivi si vya kuchezea, mama. Ni vya elimu. Havihitaji kuwekewa mpaka wa muda."

Elimu. Neno lile lilimkwama Torbjørg kooni kama mwiba wa samaki. Siku hizi mtu akitaka kumnyang'anya mtoto kitu, aliwaza, anaupaka wizi wake rangi ya elimu kwanza.

Alhamisi jioni alikwenda kwenye mkutano wa wazazi badala ya binti yake, Ingvill, mama wa Tiril, aliyekuwa zamu hospitalini. Alitafuna andazi la iliki pamoja na hasira zake. Sindre alipouliza nani atakuwa mwakilishi wa wazazi, ukumbi ulifanya kama unavyofanya kila mwaka: watu wazima wote wakaanza kukagua viatu vyao. Torbjørg, ambaye alikuwa akingoja tu watu wanyamaze, aliona hapo ndipo pake pa kusema. Akanyoosha mkono.

Makofi yakapasuka kama mvua ya mawe.

"Haya, mwakilishi," alisema baba mmoja kwa furaha ya mtu aliyenusurika. "Tuambie."

Akawaambia. Watoto wanaijua theluji isiyolowesha. Tiril akifungua kitabu, anagusa picha na kungoja imsifu. "Vizimwe," alimaliza. "Vyote."

Mwanamke mmoja, Åshild, alisimama nyuma. "Eskil wangu hatamki neno. Kishikwambi ndicho kinachomsemea. Jana kimemwambia shangazi yake supu yake mbaya." Watu walicheka, yeye hakucheka. "Ukivizima vyote, mama, umemzima na yeye."

Hasira ya Torbjørg haikuondoka. Ilisimama tu, ikitafuta pa kukaa.

"Supu yenyewe ilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana."

"Basi cha Eskil kisiguswe. Vingine nusu saa kwa siku, kisha kabatini. Na mwalimu asinifunikie tena chungu kitupu kwa neno elimu."

Mikono ikapanda, mingine kwa kusitasita. Ilitosha.

Kesho yake Tiril alitoka darasani amenuna.

"Ni wewe umesema?"

"Ni mimi."

"Nilibakiza nyota mbili tu kwenye kishikwambi. Leo sikupendi."

"Sawa. Vaa glovu."

Walitembea, mtoto mbele, mgongo umekakamaa kama wa askari. Darajani akasimama bila kugeuka.

"Bibi. Nusu saa ikiisha, tunafanya nini?"

Torbjørg alifungua mdomo. Majibu alikuwa nayo tele, yote ya wakati yeye ana miaka sita. Akayapitia moja moja, na hakuna lililomfaa huyu aliyesimama mbele yake. Mkutanoni alikuwa na maneno ya kujaza ukumbi, ila swali hili hakuna aliyeliuliza, hata yeye.

"Sijui," alisema.

Tiril akageuka, macho yamemtoka.

"Hujui kabisa?"

"Kabisa."

Mtoto akamsogelea, akautia mkono wake usio na glovu katika mfuko wa koti la bibi yake, wakasimama pale wakiwaza.