Saa Nane, Kliniki ya Mifupa

Mashine ya pasi ilimeza shuka, ikalitema upande wa pili likiwa moto na limenyooka. Mvuke ulipanda hadi darini, ukashuka taratibu kama ukungu, na ndani yake mpiga pasi alisimama macho wazi, akiota. Aliota yuko kwao, utotoni, amelala chali majanini, na hakuna anayemwita.

"Mama Sawa!"

Ndivyo walivyomwita wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali. Ukimwomba akushikie zamu, sawa. Shemeji akimwachia watoto mwezi mzima, sawa. Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo, na sasa mkono wake wa kulia ulishindwa kunyanyua hata kikombe cha chai.

Msimamizi alikuwa mlangoni. "Mwenzako wa mchana leo tena hajaja. Utaunganisha zamu, eh?"

Mfukoni Mama Sawa alikuwa na kadi ya kliniki ya mifupa, ghorofa ya pili ya hospitali hiyo hiyo. Leo, saa nane. Mara mbili alishaikosa kliniki hiyo, zote kwa sababu ya kuunganisha zamu.

Lile neno lake likamjaa mdomoni lenyewe, kama mate. Akalimeza.

"Leo hapana, bosi. Nina daktari."

Dada mkunja mashuka aliacha kukunja.

"Huwezi au hutaki?" msimamizi akauliza.

"Siwezi. Na hata ningeweza, sitaki." Sauti ilikuwa yake, ila aliisikia kwa mbali, kama inatoka chumba cha jirani.

"Haya. Kesho utaanza na mashuka ya upasuaji."

Ile kazi ya damu kila mtu aliikimbia. Akavua aproni.

"Nenda, shoga," mkunja mashuka alinong'ona. "Nenda kabla hujajuta."

Ghorofani mabenchi yalijaa. Jua la dirishani lilimlalia mapajani, na minong'ono ya wagonjwa ikamchukua polepole, akasinzia, akaelea. Alipozinduka ilikuwa saa kumi, na muuguzi alikuwa anatangaza:

"Rudini wiki ijayo. Daktari ameambiwa ashike zamu ya mwenzake wodini. Hata yeye hajalala kwake tangu juzi."

Watu wakaguna, wakaanza kukusanya vifurushi vyao. Mama Sawa naye akasimama kwa mazoea. Kisha akaketi tena.

"Nitamsubiri, sista."

"Mama, hujanisikia? Haji."

"Nimekusikia vizuri. Siondoki."

Hakupandisha sauti. Muuguzi akageukia simu ya mezani, akapiga wodini.

"Mwambieni daktari kuna mgonjwa huku kagoma kuondoka. Ndiyo, mmoja tu."

Mzee mwenye mkongojo, aliyekuwa ameshafika mlangoni, aligeuka. Akarudi, akaketi. Nyuma yake mama mmoja akaweka kifurushi chake chini.

"Subiri kidogo," muuguzi akasema kwenye simu, akihesabu kwa macho. "Wamekuwa watatu."