Lori la Mezani

Mume wangu aliendesha malori maisha yake yote, mpaka siku barabara ilipomkatika. Anasimulia mwenyewe hivi: alikuwa analikaribia daraja, analiona vizuri kabisa, halafu akajikuta ameshalipita, yuko kwenye kona ya mbele, na kile kipande cha katikati hakijui. Hakugonga mtu. Aliegesha pembeni, akazima injini, akampigia bosi wake simu: "Njoo uchukue gari lako." Hospitali wakasema ni kiharusi kidogo, kimepita tu kama mgeni aliyekosea mlango, lakini kinaweza kurudi. Usukani, basi tena.

Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha dirishani. Lori likipita nje anasema, "Huyo amechelewa kubadili gia," kisha ananyamaza mpaka lipite jingine. Ndevu hanyoi. Ukimuuliza atakula nini anajibu "chochote", na mwanamume aliyenigombeza kwa ajili ya chumvi tangu tuoane akianza kula chochote, ujue mambo yamekwenda kombo.

Likizo iliyopita alikuja mjukuu wetu, mtoto wa binti yangu, na laptopu yake yenye gemu la malori. Babu yake alilitazama kwa pembeni kama mtu anayepita tu kwenda msalani. Kesho yake akavuta kiti. Haikupita wiki nikamkuta amenyoa, kavaa kofia yake ya kazini, anawapigia honi ng'ombe wa kwenye kioo na kumtukana mwenye ng'ombe.

"Tani Saba!" akaniita. Hilo jina alinipa nilipojifungua mtoto wa pili nikakataa kupungua. Mimi namwita Dereva, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. "Tani Saba, lete chai upesi, tunaingia mizani!"

Likizo ikaisha, mjukuu akarudi chuoni na laptopu yake. Gemu alituachia ndani ya flashi, akasema siku mkipata kompyuta mtaliweka. Dereva akarudi dirishani. Safari hii hata malori yenyewe akaacha kuyasema.

Ndipo binti yangu, ambaye ni muuguzi mji mwingine, akatuma hela za televisheni. "Baba apate kitu cha kuangalia, Mama." Nikamwambia baba yako ameangalia mpaka dirisha limechoka, anachotaka ni kuendesha. Tukavutana kwenye simu, yeye ananipa udaktari, mimi nampa umama, mwisho akasema, "Haya, nunueni mnachotaka. Ila hakuna nyongeza. Sina." Najua kweli hakuwa nayo. Kwa hiyo nikawa mwanamke mwenye hela za televisheni ndogo anayetafuta laptopu ya gemu.

Mjukuu naye alinipa maelekezo. "Bibi, usidanganywe na wembamba. Uliza kama ina kadi ya picha ya peke yake. Hiyo ndiyo inayobeba gemu. Na msinunue kabla babu hajaijaribu."

"Nimekusikia," nikamwambia. Kusikia nilisikia.

Tukaenda mtaa wa maduka ya simu, mimi mbele, Dereva nyuma anaburuta miguu kama anayepelekwa kuchomwa sindano. Duka la kwanza walitutajia bei nikadhani wananiuzia kiwanja. La pili hivyo hivyo, na kiti hawakutupa. La tatu lilikuwa dogo, kaunta moja ya kioo, nyaya zinaning'inia kila mahali, na muuzaji kijana mwenye viatu vya ncha kali.

"Shikamoo bibi. Unamtafutia mjukuu?"

"Marahaba. Namtafutia mume."

Akacheka. "Mume hatuna, bibi. Tuna laptopu tu."

"Mume ninaye, ni huyu hapa. Natafuta gari lake."

Nikamtajia kiasi changu. Hakucheka, namshukuru. Akaweka mbili juu ya kaunta. Moja mpya, rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, ina garantii na boksi lake. Nyingine nyeusi, nene, imetumika, imekwaruzwa kila pembe, betri yake imekufa na kitufe kimoja kimeng'oka. Bei zao zilikaribiana, na zote ziliishia pale pale zilipoishia hela zangu.

"Hii nyembamba ni ya kazi za ofisini, bibi, na gemu nyepesi nyepesi," akasema. "Gemu likiwa zito, chukua hii nyeusi."

Nikafungua leso yangu nikatoa flashi. "Zito? Gemu lenyewe si hili? Kucha yangu ya dole gumba ni kubwa kuliko hili."

"Bibi, uzito wa gemu haupo kwenye..."

"Na nani ananunua gari bovu kwa bei ya jipya? Mwanangu, mimi nimezeeka tu, sijapotea."

Kijana akamtazama Dereva. Dereva akatazama dari. Kwa hiyo nikashinda, na ushindi ule mpaka leo ukinijia nikiwa naosha vyombo nasonya mwenyewe.

Akaliweka gemu kwenye ile nyembamba. Ilichukua muda, tukakaa tunatazama mstari unavyosogea. Lakini lori lilipotokea kwenye kioo, Dereva alisogeza kiti, akakaza mgongo, akainua macho kutafuta kioo cha kuangalizia nyuma. Niliona mabega yake yanashuka, yanatulia. Akang'oa lori taratibu. Barabara tambarare, mashamba pande zote, hewa safi. Akaanza kuimba puani.

Halafu mvua ikaanza, humo ndani ya gemu. Miti ikawa mingi, magari mengi, nyumba za mjini, na mbele yake daraja.

Picha ikasimama. Ilipoanza tena, daraja lilikuwa nyuma na lori limeingiza pua mtaroni.

Hakutukana. Nilisubiri atukane. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Nirudishe nyuma kidogo."

Kijana akamrudisha. Mvua, miti, magari, daraja. Mtaro.

Dereva akaweka mikono yake magotini kama mtu anayerudisha vitu visivyo vyake. "Imenikatika," akasema. "Vile vile. Darajani."

"Hapana mzee, ni mashine hiyo..."

"Nimeliona daraja, halafu nimelipita. Katikati hakuna kitu. Hiyo naijua, kijana, usinifundishe." Akasimama. "Twende nyumbani, Tani Saba. Au hospitali. Sijui tuanze wapi."

Akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni na kofia mapajani.

Niseme kweli, hata mimi nilimwamini. Nilishaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta simu nimpigie binti. Kijana akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Bibi, nakuapia, si yeye. Hii haina kadi ya picha ya peke yake. Mvua na miti na magari vikija pamoja inazidiwa, inaganda. Ikizinduka, lori limeshakwenda."

"Basi nenda kamwambie."

Akaenda, akachuchumaa pembeni yake, akamweleza kwa heshima zote. Nikasikia mume wangu anamjibu kwa upole, "Una moyo mzuri, mwanangu. Na una laptopu ya kuuza."

Upole ule ulinitisha kuliko matusi. Nikaona hapa maneno hayatamfaa mtu aliyeona kwa macho yake. Lazima aone tena kwa macho yale yale, lakini mikono iwe ya mtu mwingine.

Nikaigeuza laptopu iangalie mlangoni, nikakaa kwenye kile kiti. Kiti kikalalamika, nikakiambia kinyamaze. Nikapaza sauti.

"Basi, kama mwenye gari ameacha, naendesha mwenyewe! Kijana, breki ni ipi?"

"Hii hapa, bibi."

"Na hii?"

Ilikuwa honi. Duka zima likaruka. Nikaenda mbele, nikagonga kibao cha mwendo, nikapita kwenye majani, nikarudi barabarani upande usio wangu na sikuona sababu ya kuhama.

"Kaa upande wako!" sauti ikatoka kwenye ngazi.

"Upande upi?"

"Wewe mwanamke, utaua watu! Upande wako! Punguza mwendo!"

"Nikipunguza tutachelewa!"

"Utachelewa kwenda wapi na wewe?" Nikamsikia ananyanyuka. Akaja mpaka mlangoni, kofia kichwani, akasimama nyuma yangu, anapumua kwa hasira, pumzi nzuri kabisa ya mtu mzima. Mvua ikaanza. Miti ikaja, magari yakaja, daraja hilo. Picha ikasimama. Kisha mtaro.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini? Nimeshaua gari."

"Rudia darajani."

Nikarudia. Ikasimama pale pale. Akainama mpaka kofia ikagusa kioo. "Umeiona katikati?"

"Katikati ya nini?"

"Ya daraja, Tani Saba. Umeiona au hukuiona?"

"Nimeona mwanzo, nimeona mtaro. Basi."

"Kijana, kaa wewe."

Kijana akakaa. Huyo anaendesha kweli, vidole vinakimbia kama vya mpiga kinanda. Akakata kona, akapita gari la mbele, akafika darajani. Ikasimama. Mama mmoja aliyeingia kununua chaja akachungulia, akauliza, "Mbona lori limesimama?"

Dereva akageuka upesi mpaka yule mama akarudi nyuma. "Umeliona limesimama?"

"Si limesimama hilo? Kila mtu analiona."

Mume wangu akashika kaunta. "Kila mtu analiona," akasema, taratibu, kama anaonja kitu kilichoiva. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na yule mama akalipia chaja yake akaondoka haraka, maana hakujua amesema nini.

"Haya," nikamwambia kijana, na kumeza ushindi wangu wa mwanzo. "Washa hiyo mbovu."

Ikachomekwa ukutani. Feni ikanguruma kama mashine ya kusaga. Dereva akatega sikio. "Hii inapumua," akasema. Lakini hakukaa. Alizunguka kaunta, akaikagua pembeni, akaikagua nyuma, akauliza kama inachemka sana. Alikuwa anaogopa. Nikavuta kiti mwenyewe nikaanza kukalia.

"Toka hapo," akasema. "Hata hii utaitumbukiza."

Akakaa. Mashamba. Mvua. Miti, mingi kuliko mwanzo, kila jani na maji yake. Daraja likaja, akapunguza mwendo, akaliingia, na tukaliona lote: vyuma vya pembeni, mto chini, na katikati kabisa mtu mwenye mwavuli anatembea, ambaye wote watatu tulikuwa tumempita bila kujua yupo. Dereva akampigia honi ndogo, ya adabu, akamsubiri asogee, akapita. Kona ile akaipata yote.

"Tunachukua," nikasema.

"Subiri," akasema Dereva. "Sijashusha mzigo."

Tukamsubiri ashushe. Hapo mimi na kijana tukafanya biashara. Nikamwambia, betri imekufa na kitufe hakuna, unataka bei ya nzima?

"Kadi yake nzima, bibi. Hiyo ndiyo unayolipia. Kitufe chenyewe ni cha herufi Q tu."

"Hiyo hata shuleni sikuwahi kuihitaji. Basi niongeze mausi."

"Bibi, utanifilisi."

"Umenikalisha kwenye kiti kibovu mbele za watu."

Akaongeza mausi. Hela zikaisha kabisa, tukarudi nyumbani kwa miguu, Dereva kaibeba mwenyewe kifuani, hataki nimsaidie.

Tukaiweka mezani karibu na swichi, dirisha likabaki nyuma ya mgongo wake. Akawasha, feni ikanguruma, lori likatokea. Akaweka mkono kwenye mausi, akauondoa.

"Tani Saba."

"Nipo."

"Leo ilikuwa mashine. Lakini siku ile ilikuwa mimi."

"Ndiyo. Siku ile ilikuwa wewe."

"Inaweza kurudi."

"Walisema inaweza."

"Sasa nitajuaje? Ikikatika, nitajuaje kama ni mimi au ni yenyewe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikachukua kiti kingine nikakiweka kushoto kwake, mahali anapokaa utingo, nikakaa na bakuli langu la maharage ya kuchambua.

"Mimi nitakuwa naangalia. Nikiona picha inakwenda na wewe umesimama, nakupiga kofi, kisha nampigia binti yako."

Akafikiri. "Na picha ikisimama, mimi nikaendelea?"

"Napiga hiyo kompyuta."

"Usiipige kwa nguvu. Imetumika hiyo."

"Na wewe je?"

Akavaa kofia, akang'oa gari.